Shajara ya Korido ya Mita 30

Jumatatu

Mwishoni mwa wiki sakafu ya korido imepigwa deki kwa dawa kali na alama zangu zote zimebanduka. Zilikuwa vipande vya utepe wa njano, kimoja kila baada ya mita 3, kuanzia dirisha la dawa hadi mlango wa maabara. Imebaki gundi tu, nayo imeshika vumbi. Mhudumu wa usafi ni mgeni upande huu wa jengo. Ameniambia kwa upole kwamba alidhani watoto wa wagonjwa ndio waliochezea sakafu.

Nimeazima futi kamba kwa fundi seremala wa hospitali, tukapima upya, yeye ncha hii mimi ncha ile. Futi yake ina mita 5, kwa hiyo tumekwenda kipande kwa kipande, na kila kipande tumekirudia ili kosa dogo la hapa lisijumlishwe na la pale. Asubuhi yote imeishia hapo, maana watu hawakuacha kupita. Mzee mmoja alisimama juu ya futi akauliza kama jengo linavunjwa. Fundi alimjibu kwamba halivunjwi, wanapimwa watu. Mzee akaitazama futi, akatutazama sisi, akaenda zake maabara.

Kipimo chenyewe hakihitaji maneno mengi. Mgonjwa anatembea dakika 6, huku na huko kati ya koni mbili, afike mbali kadiri anavyoweza bila kukimbia. Akichoka anapunguza mwendo. Akizidiwa anasimama, anaegemea ukuta, akipata pumzi anaendelea, ila saa haisimamishwi. Mwishoni tunaandika mita alizokwenda. Hapachomwi sindano wala hapapigwi picha, lakini daktari anapata jambo ambalo eksirei haimwambii, yaani huyu mtu akitoka hapa ataweza kufika wapi kwa miguu yake.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2002 na Jumuiya ya Madaktari wa Kifua ya Marekani unataka korido iliyonyooka, sakafu ngumu iliyo sawa, urefu wa mita 30. Korido ikiwa fupi mgonjwa anageuka mara nyingi zaidi, na kila akigeuka mwendo unakatika. Mita zinazopotea hapo si za mapafu yake, ni za jengo. Katika jengo letu lote ni korido hii peke yake inayofikisha mita 30 bila kona. Ndiyo hiyo hiyo yenye foleni ya dawa.

Jumanne

Leo amekuja mama anayekaanga mihogo jioni kituo cha daladala. Amemaliza dawa za TB, miezi 6 kamili, makohozi yake hayana vimelea tena na karatasi inasema amepona. Yeye anasema akibeba ndoo kutoka bombani lazima aitue njiani, na zamani hakuwa akiitua.

Nimemkalisha kwenye kiti dakika 10 kama inavyotakiwa. Presha nzuri, mapigo mazuri, oksijeni 96. Nimemwonyesha kadi ya Borg, ile iliyotokana na kazi ya Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, ambayo mtu anaipa namba shida yake ya kupumua kuanzia 0 hadi 10. Akauliza kama anayefika 10 ndiye aliyefaulu. Nimemweleza kwamba 10 ni pumzi kukata kabisa. Akafikiri kwa makini, akachagua nusu, maana kadi ina nusu pia.

Ameanza vizuri. Hajafika koni ya pili akakutana uso kwa uso na jirani yake kwenye foleni ya dawa, akasimama. Habari za nyumbani, za watoto, mgonjwa wenu anaendeleaje, na yule mdogo je, ameshafungua shule? Saa inakwenda. Aliporudi upande huu alikuwapo mzee mwenye bakora. Akaenda kumwamkia, akainama kidogo, akasubiri itikio, na mzee yule si mwepesi wa kusikia. Ikabidi shikamoo irudiwe. Dakika ya tano alikutana na mkwe wa dada yake.

Mita 312.

Siwezi kumlaumu. Mtu aliyelelewa hawezi kumpita mtu mzima kimya kimya, na sitaki hospitali iwe mahali pa kumfundisha mama wa miaka 50 ukosefu wa adabu. Lakini siwezi pia kumpelekea daktari mita 312 nikamwambia hayo ndiyo mapafu yake.

Tumempumzisha zaidi ya nusu saa. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo ameenda kwenye foleni, akawaamkia wote, akawaeleza kwamba mama huyu yuko kwenye kipimo, hatasalimia mtu kwa dakika 6, na si kwa kiburi. Foleni imeelewa mara moja. Mzee mwenye bakora alimwitikia marahaba kabla hajaondoka kwenye kiti, ili asidaiwe.

Mara ya pili mita 366. Alisimama mara moja tu, dakika ya nne, akashika ukuta, akapumua, akaendelea.

Kupima mara mbili ni jambo la kawaida. Mwongozo mpya zaidi wa mwaka 2014, ambao Wamarekani waliuandika pamoja na wenzao wa Ulaya, unashauri hivyo kwa sababu watu wengi hufanya vizuri zaidi wakishaizoea korido, na tunaandika ile iliyo kubwa. Kwa hiyo katika hizo mita 54 zilizoongezeka kuna za mazoea na kuna za salamu, na hakuna namna ya kuzitenganisha. Nimeandika 366 na maelezo pembeni.

Alipomaliza alipitia foleni yote, mmoja mmoja, kuwasalimia.

Jumatano

Mzee wa leo moyo wake umechoka kwa presha ya miaka mingi. Enzi zake alichezesha mpira wa ligi. Amekuja na bukta, soksi zilizopandishwa hadi gotini, raba zilizofungwa mafundo mawili, na filimbi mfukoni. Nilipomwambia aanze, akakimbia.

Nilimsimamisha kabla ya koni. Akanieleza, bila hasira, kwamba anavijua vipimo vya dakika, na mwamuzi anayetembea hapangiwi mechi. Presha yake ilikuwa imefika 186 kwa ile ya juu. Ikizidi 180 mtu akiwa ametulia, mwongozo unataka tahadhari, na vivyo hivyo kwa ile ya chini ikizidi 100 na mapigo yakizidi 120. Basi tumekaa. Presha ya mzee haikushuka haraka, kwa hiyo tumepata muda wa kuzungumza.

Alichokuwa akikikumbuka ni kipimo cha Cooper. Kenneth Cooper alikuwa daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, na mwaka 1968 alichapisha kipimo cha kukimbia dakika 12, mbali kadiri mtu awezavyo, ili kujua ustahimilivu wa askari bila kumfunga kwenye mashine. Kabla yake, mwaka 1963, Bruno Balke alikwishaonyesha kwamba umbali ambao mtu anaufikia kwa muda maalumu unaeleza mengi kuhusu uwezo wa mwili wake. Kipimo cha Cooper kilisambaa, kikafika hadi kwa waamuzi wa soka. Waliofuata ni madaktari wa kifua wa Uingereza. Mwaka 1976 McGavin na wenzake walizichukua zile dakika 12, lakini wagonjwa wao wa mkamba sugu waliwaambia watembee. Dakika 12 zikaonekana ni mzigo kwa mtu anayetweta akivaa viatu. Mwaka 1982 Butland na wenzake wakalinganisha dakika 2, dakika 6 na dakika 12, na zile 6 ndizo zilizodumu. Miaka 3 baadaye Gordon Guyatt na wenzake nchini Kanada wakazipeleka kwa wagonjwa wa moyo kama yeye.

Mzee alisikiliza yote. Akauliza, basi sisi na waamuzi ni ukoo mmoja? Nikamwambia ndiyo. Akauliza mbona Cooper hakufikiria wazee. Nikamwambia alikuwa na marubani mikononi mwake.

Presha iliposhuka hadi 152 tukaanza upya. Ametembea kwa nguvu, mgongo umenyooka, na kila alipofika kwenye koni aligeuka kwa kurudi kinyumenyume hatua mbili, macho yakiwa uwanjani. Mwongozo hausemi kitu kuhusu namna hiyo ya kugeuka. Mita 438. Dakika ya mwisho alitoa filimbi mfukoni, lakini hakuipuliza.

Alhamisi

Binti wa miaka 22, moyo wake una valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Jumamosi iliyopita dada yake ameolewa. Mikono ina hina hadi kwenye kiwiko, na ncha za vidole zimepakwa piko, nyeusi tii.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinapitisha mwanga kwenye nyama na kusoma kinachotoka upande wa pili. Piko ilizuia mwanga. Kidole cha kwanza kikaonyesha vistari. Cha pili kikaonyesha 71, na binti mwenyewe amekaa ananiambia habari za pilau kwa sauti ya kawaida kabisa. Cha tatu vistari tena. Nikabadilisha betri, ingawa nilijua si betri.

Kwa mgonjwa kama huyu siwezi kutembeza bila kusoma oksijeni. Ikishuka chini ya 80 tunasimamisha, na hilo halionekani usoni mapema. Nilikuwa nimeshafungua kitabu cha miadi nimpangie siku nyingine aliposema kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikupakwa. Mpakaji aliitwa kula, aliporudi akakisahau, na yeye alikuwa akikificha tangu siku ya harusi kwa aibu. Tumekiweka hicho. 97, mapigo 88, yametulia.

Ametembea mita 402, mkono wa kushoto ameukunja kifuani ili waya usimpige. Oksijeni haikushuka chini ya 93. Mama yake, aliyekuwa kwenye benchi, amesema atamshukuru mpakaji.

Ijumaa

Siku hii naiandika kwa kirefu.

Kuna mzee aliyegonga kokoto Kunduchi karibu maisha yake yote. Vumbi la mawe limekaa mapafuni, na juu yake aliwahi kuugua TB. Mwezi uliopita alitembea mita 330, akasimama mara mbili, na mwisho alitaja 7 kwenye kadi ya Borg. Tukamwanzishia mazoezi ya kupumua, ya miguu na ya kupanda ngazi. Leo ilikuwa siku ya kumpima tena, saa ile ile ya asubuhi kama mara ya kwanza, kwa sababu mwili wa asubuhi si mwili wa mchana. Korido hii hutulia mara moja kwa wiki, Ijumaa saa saba, foleni inapopungua kwa ajili ya swala. Ningeweza kumpima saa hiyo kwa raha. Lakini mara ya kwanza alipimwa saa tatu, basi na leo saa tatu.

Amekuja na watoto wake watatu, wakwe wawili na wajukuu. Wamefunga safari kuja kumwona baba akitembea. Nimefurahi kuwaona, kwa sababu mgonjwa mwenye watu hupona tofauti na asiye na watu. Nikawaomba wakae kwenye benchi na wanyamaze. Wakaitikia wote.

Mzunguko wa kwanza walinyamaza. Wa pili mjukuu mmoja akasema, twende babu. Wa tatu kijana mkubwa akasimama, akapiga makofi, akasema baba, baba, baba. Foleni ya dawa ikafuata. Mama mmoja akapiga kigelegele. Muuguzi wa chumba cha sindano akatoka kuangalia kuna nini, akaingia kwenye makofi. Mzee akanyanyua kichwa. Mwendo ukaongezeka. Alipofika dakika ya sita alikuwa anahema kwa sauti, jasho linamtiririka, anacheka.

Mita 372.

Zimeongezeka 42. Familia ikamkumbatia. Kijana mkubwa akaniambia, andika hiyo, dada, andika haraka.

Nimeandika, kisha pembeni nimeandika kwamba haifai kulinganishwa na ya kwanza. Kijana amenikasirikia, na hasira yake naielewa. Nimemweleza hivi. Mwaka 1984 Guyatt na wenzake waliwapima wagonjwa wa mapafu na wa moyo kwa kutembea, wengine wakitiwa moyo njiani na wengine wakiachwa watembee kimya. Waliotiwa moyo walikwenda mbali zaidi kwa mita 30 hivi. Hakuna aliyewapa dawa wala mazoezi, maneno tu. Sasa angalia, mwongozo wa mwaka 2014 unasema badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe atalihisi katika maisha yake ni mita 30 hivi pia. Maana yake makofi peke yake yanaweza kutoa namba ile ile ambayo miezi ya matibabu ingetoa. Ndiyo sababu tunasema naye kidogo mno. Kila dakika ikitimia nasoma sentensi moja kutoka kwenye kadi, kwamba anaendelea vizuri na amebakiza dakika ngapi, kwa sauti ile ile, kwa mzee huyu na kwa kila mtu. Sitembei naye ubavuni wala mbele yake, maana atafuata mwendo wangu badala ya wake. Kumshangilia ndani ya zile dakika 6 ni kuweka kidole kwenye mizani ya sokoni, hata kama kidole ni cha upendo.

Kijana akasema, kwa hiyo baba yangu hakutembea?

Ametembea. Nimemwambia ametembea, tena vizuri, na nyumbani wamshangilie asubuhi na jioni. Lakini daktari ataitumia namba hii kuamua kama mazoezi yamefika mapafuni na miguuni, na akiamua kwa namba ya makofi atamwachisha mapema mtu ambaye bado anayahitaji. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa, bado anahema. Akasema, mwacheni dada afanye kazi yake, nitarudi wiki ijayo peke yangu.

Peke yake nimekataa. Aje na mtu mmoja.

Jumamosi

Nusu siku. Koni moja haikuwapo asubuhi. Nimeikuta nje, imewekwa kwenye maegesho kuzuia gari lisizibe mlango wa dharura. Matumizi ni ya maana, kwa hiyo nimesubiri mpaka gari la wagonjwa lilipoondoka ndipo nikaichukua.

Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Korido iko wazi upande mmoja, maji yameingia hadi katikati, na utepe mpya umeanza kunyanyuka ncha. Sakafu ya terazo ikilowa haitembeleki kwa haraka. Nimewapigia wagonjwa wa leo wasije. Mmoja alikuwa ameshafika, amepanda daladala mbili, na kanga imelowa. Tumempa chai.

Nimetumia siku kujaza mafaili. Ipo kanuni ya hesabu ya Paul Enright na Duane Sherrill, ya mwaka 1998, inayokadiria mtu mzima mwenye afya angetembea mita ngapi kwa urefu wake, uzito wake na umri wake. Kwa mama wa mihogo, mwenye sentimita 160, kilo 58 na miaka 50, inatoa mita 583. Yeye ametembea 366. Hata kiwango cha chini kinachohesabiwa cha kawaida, yaani ukitoa 139, bado kiko juu yake.

Lakini kanuni hiyo ilitokana na wanaume 117 na wanawake 173 wa Marekani, wa miaka 40 hadi 80. Ni kazi nzuri na ninaitumia. Ila sipendi kumpima mama huyu kwa watu ambao hawakuwahi kuchota maji kwa ndoo wala kusimama mbele ya jiko la mkaa kila jioni. Asilimia nimeiandika kwa sababu fomu inaitaka. Namba ninayoiamini ni ile atakayoipata yeye mwenyewe akirudi baada ya wiki 8 za mazoezi, korido hii hii, saa hii hii, viatu hivi hivi.

Jumanne

Viatu. Dereva wa bodaboda, miaka 34, naye ametoka kwenye TB. Kwenye simu tulimwambia aje na viatu anavyotembelea kila siku, maana mwongozo unataka viatu vinavyofaa kutembelea. Amekuja na ndala. Alikuwa sahihi kabisa.

Dakika ya nne, karibu na maabara, kamba ya ndala ya kulia ikachomoka. Alikwenda hatua kadhaa akiiburuta. Kisha akavua zote mbili, akazishika mkono mmoja, mkono mwingine una kipimo cha oksijeni, akaendelea pekupeku. Mama mmoja kwenye foleni akavua zake na kumsogezea njiani kwa mguu. Kijana akaziruka. Zilikuwa ndogo. Mtu mwingine akasema ana pini. Kwa kanuni hakuna kusimamisha saa, kwa hiyo sikusema lolote ila sentensi ya kwenye kadi.

Mita 456. Nimeandika, pekupeku kuanzia dakika ya nne. Alipokaa, nyayo zake zilikuwa nyeusi kwa ile gundi ya utepe wa zamani. Mhudumu wa usafi akaziona, akaondoka kimya, akarudi na mafuta ya taa na kitambaa. Kwanza akampa kijana asafishe miguu. Kisha akapiga magoti akaanza kuitoa gundi sakafuni, kipande kwa kipande, bila kugusa utepe mpya.

Watu kama kijana huyu wananishughulisha kuliko wote. Dawa za TB zinaua vimelea, hazirudishi sehemu ya pafu iliyokwisha kuharibika. Anaandikiwa amepona, anaondolewa kwenye rejesta, na hakuna anayemuuliza tena kuhusu kilima cha kwao. Madaktari wa Kampala, hospitali ya Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere, walijaribu mpango wa mazoezi kwa waliopona TB wakabaki na shida ya kupumua, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Wao walipima kwa njia nyingine iliyoanzia Leicester mwaka 1992. Mgonjwa anakwenda na kurudi mita 10 akifuata mlio, na mlio unaharakishwa kila dakika mpaka ashindwe kuufikia. Mita 10 tungezipata hata ukumbi wa nyuma, mbali na foleni. Nimemwomba fundi wa umeme kipaza sauti kidogo. Amesema kipo kimoja, kiko msibani.

Ijumaa

Mzee wa kokoto amerudi saa tatu kasoro, na kijana wake mkubwa peke yake. Utepe uko mahali pake. Mzee amepumzika dakika 10. Kijana ameomba akae mwisho wa korido, ameupa mgongo ukuta wa maabara, mikono ameiweka chini ya mapaja. Foleni imeelezwa. Toroli la chakula limesubiri mlangoni bila kuombwa.

Mzunguko wa kwanza hadi wa tano ni mwendo mmoja, si wa haraka. Hakusimama. Dakika ya tano alikohoa, akapangusa mdomo kwa leso, akaendelea. Kijana alikuwa anatazama sakafu. Dakika 6 zilipotimia mzee alisimama pale pale alipo, kama nilivyomwelekeza, nami nikaenda kuweka alama kwenye kisigino chake.

Mita 354. Kadi ya Borg, 4.

Zimeongezeka 24. Kijana akapiga hesabu kabla yangu, akaniuliza kama 24 inatosha. Nimemwambia kwa umbali peke yake haijafika zile 30, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba mita zimethibitisha. Lakini safari ya kwanza baba alisimama mara mbili na leo hakusimama, na pumzi imetoka 7 hadi 4. Hayo nayo yanaandikwa, na daktari anayajua maana yake. Mzee akasema jambo ambalo hakuwa amelisema mbele ya familia, kwamba siku hizi anafika msikitini bila kukaa njiani kwenye kibaraza cha muuza mkaa. Nimeliandika pia, kwa maneno yake.

Faili limekwenda kwa daktari na namba zote tatu, 330, 372 na 354, kila moja na habari yake. Limerudi kabla ya saa sita: mazoezi yaendelee wiki 8 nyingine, kisha apimwe. Kijana ameomba nakala ya kadi ya sentensi ili amfanyie baba yake kipimo nyumbani. Nimemwambia nyumbani asimpime. Wakubaliane pa kwenda. Wamebishana kidogo, mzee akitaka ufukweni na kijana akitaka sokoni ambako kuna mabenchi, wakaishia sokoni, Jumatatu na Alhamisi, kwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na kijana abebe mzigo.